Mzinga Mmoja Hautoshi



Katika mkutano wa mwisho wa Kamati lilitolewa shauri kwamba fedha zilizowekwa kwa ajili ya ufugaji wa nyuki zitengenezewe mizinga, na kila mwanachama aliyeandikisha jina lake apewe mzinga mmoja. Wengi walilipenda shauri hili kwa kuwa lina sura ya haki: hapana atakayepata miwili hali mwenziwe ametoka mikono mitupu. Kazi ya Katibu ni kuandika yaliyosemwa, nami nimeyaandika kama yalivyosemwa. Lakini Katibu naye ni mwanachama, na kwa nafasi hiyo nataka kueleza kwa nini naliona shauri hili kuwa la hasara. Anayeanza kufuga nyuki apewe mizinga miwili, ama asubiri zamu yake.

Sababu yangu ni kwamba kundi la nyuki likistawi hugawanyika. Mvua ikinyesha na maua yakafunguka, chavua huingia kwa wingi, malkia hutaga sana, na baada ya wiki chache nyumba huwa ndogo. Hapo nyuki hufanya kama wafanyavyo watu wa nyumba iliyojaa, baadhi yao hutoka kwenda kujenga pengine. Ila kwa nyuki anayetoka si kijana, ni mama mzee. Malkia wa zamani huondoka na nusu ya watu wake au zaidi, matumbo yao yamejaa asali ya safari, na nyumba humwachia binti ambaye aghalabu bado yumo chumbani mwake hajatoka. Haya si maneno mapya. Yaliandikwa na François Huber, mtu wa Uswisi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1792. Huber alikuwa kipofu, na aliyemtazamia nyuki na kumweleza kila kitu alikuwa mtumishi wake, Burnens.

Sasa mwanachama mwenye mzinga mmoja atafanya nini siku hiyo? Atasimama chini ya mkarafuu akitazama nusu ya mali yake ikining'inia tawini bumba zima, na baada ya saa chache, au siku moja mbili, bumba litaruka na kupotea. Waliobaki ni wachache, malkia wao ni kigori ambaye hajaanza kutaga, na asali ya msimu huo huwa haba. Wakati mwingine kigori wa kwanza naye hutoka na kundi jingine, na wa pili vile vile, mpaka mzinga hubaki na nyuki wa kuhesabika, halafu nondo wa nta huingia na kula masega. Mwanachama huyo atakuja ofisini kusema kwamba nyuki wa Chama wamekimbia, na kwamba ufugaji huu ni upuuzi. Mwaka unaofuata mzinga wake utakuwa umefanywa kiota cha kuku.

Hapa pana neno la kufafanua, maana sisi husema "nyuki wamehama" kwa mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Liko kuhama kwa taabu: siafu wameingia, au njaa, au jua kali, au mwenye mzinga haachi kuufungua mchana kweupe ili awaonyeshe wageni. Nyuki hao huondoka wote, na kabla ya kuondoka malkia hupunguza kutaga, asali iliyomo huliwa, wala hutaona chumba cha malkia hata kimoja. Dawa yake ni kuondoa taabu. Miguu ya kichanja ipakwe grisi, au isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu, kivuli kiwepo na maji yawe karibu. Na liko kugawanyika kwa neema, ambako mzinga umejaa pomoni na chakula ni tele. Mwenye kuona nyuki wake wamejiandaa kugawanyika kisha akawaongezea maji ya sukari, akidhani wana njaa, huwaharakisha kwenda zao.

Nyuki wetu ni wepesi wa mambo yote mawili kuliko nyuki wa Ulaya. Bwana F. G. Smith, aliyekuwa afisa wa nyuki katika Tanganyika, ndiye aliyeeleza mwaka 1961 kwamba nyuki wa pwani yetu ni jinsi yao peke yao, akawapa jina la litorea, mbali na wale wa bara waitwao scutellata. Jamaa za hawa wa bara walipopelekwa Brazil mwaka 1956 kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, makundi 26 yalitoroka mwaka uliofuata, na hasa kwa kugawanyika na kuhama uzao wao ukaenea karibu Amerika ya Kusini yote na kufika Marekani mwaka 1990. Ndio viumbe tunaotaka kumkabidhi mwanagenzi na sanduku moja.

Jambo hili nililiona wazi huko Bujora. Dada yangu ameolewa Mwanza, na mumewe ana shamba upande wa Kisesa, kadiri ya kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, karibu na pale penye Makumbusho ya Wasukuma ambayo Padre David Clement, mtu wa Kanada, aliyafungua mwaka 1968. Nilikwenda kuwazuru mwezi wa Juni mwaka 2022. Nchi ile ni ya majabali, mengine makubwa kama nyumba na yamepandana kana kwamba mtu aliyapanga, na katika nyufa zake wanakaa nyuki. Sisi tuliosoma chuoni twaikumbuka Sura ya An-Nahl, jinsi ilivyotaja makao ya nyuki katika milima na katika miti na katika yale wanayoyajenga watu. Kwetu Pemba miti naijua, na mizinga naijua. Hiyo milima sikupata kuifikiri mpaka nilipoona nyuki wakitoka ndani ya jiwe.

Shemegi yangu siku hizi ana mizinga mitano ya viunzi, ile mirefu yenye vijiti vya kupanga juu ambapo nyuki hujenga sega chini ya kila kijiti. Lakini alianza na mmoja.

"Mwaka wa kwanza, shemegi," aliniambia, "nilifungua nikaona vyumba vinane vya malkia vinaning'inia pembezoni mwa masega. Nilichukua kisu nikavikata vyote, nikaenda zangu kulala."

"Wakatulia?"

"Wakatulia wiki. Kumbe walikuwa wanajenga vingine. Wakaondoka siku niliyokuwa mnadani, na mke wangu anasema sauti yao ilikuwa kama gari linalopanda mlima."

Nataka wanachama walishike jambo hili kuliko yote, maana ndilo la kwanza linalomjia mtu kichwani. Kukata vyumba peke yake si dawa. Nyuki waliokwisha kuazimia kutoka watajenga vyumba vingine, maana yai lolote la kibarua, au jana lake lisilopita siku 3, laweza kuleleshwa likawa malkia. Nawe utavikata tena, na safari ya tatu utapitiwa na kimoja kilichofichwa na nyuki kwenye kona ya sega. Na liko la hatari zaidi. Huenda siku ile unayofungua malkia mzee amekwisha kuondoka, wala hukujua, maana waliobaki bado ni wengi machoni pa mgeni. Ukivikata vyumba vyote siku hiyo, mzinga hauna malkia, na ikiwa hamna mayai wala majana machanga hauna njia ya kupata mwingine. Umeua kundi kwa mkono wako. Kwa hiyo mtu asikate chumba cha mwisho mpaka ameona kwa macho yake mayai yaliyosimama wima chini ya vitundu, dalili kwamba malkia alikuwamo siku hizi tatu.

Mwaka wa pili shemegi alikuwa na mzinga mtupu pembeni, naye akagawa nyuki kabla hawajajigawa wenyewe. Tofauti yote ilikuwa ni ule mzinga mtupu. Ujuzi alikuwa na uleule, na mizinga ilikuwa ya fundi yuleyule.

Namna ya kufanya ni hii, kama nilivyoiona kwake na kama nilivyoisoma. Wakati wa maua mzinga utazamwe kila wiki. Wengine watasema ni taabu, mara moja kwa mwezi yatosha. Haitoshi, nayo ni hesabu tu. Yai la malkia hukaa siku 3, jana hulishwa siku 5 au karibu na hapo, kisha chumba hufunikwa kwa nta, na siku ya 15 au 16 malkia mpya hutoka. Malkia mzee hasubiri atoke. Huondoka karibu na siku ile chumba cha kwanza kinapofunikwa, hali ya hewa ikiwa njema, yaani kama siku 8 au 9 tangu yai kuwekwa. Anayetazama kwa mwezi atakuta mambo yamekwisha.

Dalili huja kwa mfuatano. Madume huongezeka, na vitundu vyao, vilivyovimba kuliko vya vibarua, huonekana pembezoni mwa masega. Kisha nyuki huanza kuweka asali mle ambamo malkia alikuwa akitaga, hata akakosa nafasi. Vikombe vidogo vya nta vinavyotazama chini vyenyewe si kitu. Nyuki huvijenga na kuviacha. Lakini ukiona yai ndani ya kikombe, au jana linaloelea katika maziwa meupe, hapo shauri limekwisha kupita. Mpaka kufikia hapo ungeweza kuwatuliza kwa kuongeza viunzi vitupu karibu na majana na kuvuna masega machache ya asali. Baada ya hapo nafasi peke yake aghalabu haiwazuii, wala tusidanganyane kwamba tukitengeneza mizinga mikubwa tutakuwa tumelimaliza jambo hili.

Basi unangoja karibu na magharibi, jua likiwa limepungua ukali, unaweka mzinga mtupu karibu, unapuliza moshi kidogo. Ukimwona malkia mzee, mhamishe pamoja na sega alilosimama, na masega mengine mawili matatu yenye majana na asali, na nyuki waliomo, na sega moja la ziada ulikung'ute ili nyuki wawe wengi. Mzinga wake mpya upeleke upande mwingine wa shamba. Nyuki wakubwa wanaokwenda mashambani watarudi mahali pao pa zamani, na hilo ndilo linalofaa: malkia hubaki na vijana, nyumba ina nafasi, na hamu ya kutoka humwisha. Katika mzinga wa zamani acha chumba kimoja kizuri cha malkia, au viwili ukiogopa kimoja kisiwe na kitu ndani. Ukiacha vyote, kila kigori atatoka na kundi lake. Kisha usifungue kwa wiki 3. Kigori anahitaji siku za kukomaa, na safari ya kwenda kukutana na madume angani, na siku za kuanza kutaga, naye akisumbuliwa wakati huo huenda akapotea.

Lakini nyuki wetu hukimbiakimbia juu ya masega, na anayeanza huenda asimwone malkia hata mara moja. Asikate tamaa. Agawe masega nusu kwa nusu, majana huku na majana huku, asali huku na asali huku, na vyumba vya malkia viwepo pande zote mbili. Baada ya siku 4 atazame. Mzinga wenye mayai mapya ndio wenye malkia. Humo, baada ya kuhakikisha mayai, vyumba vyaweza kukatwa, maana kundi limepungua na haja ya kutoka imetulia. Mzinga usio na mayai ndio wa kuachiwa chumba. Hakuna katika haya kazi ya mganga. Lakini yote, tangu neno la kwanza, yanataka mzinga wa pili uwe tayari siku ileile. Fundi wetu wa mbao hutwaa wiki mbili tatu kumaliza mzinga, nao nyuki hawampi mtu siku tisa.

Juni ile nilibahatika kuwakuta Wasukuma katika sikukuu yao ya Bulabo, ambapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana. Asili yao, kama wanavyosimulia, ni waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliogombana nani zaidi. Kila upande hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Nilimwambia shemegi kwamba ndivyo wafanyavyo nyuki walioko tawini, naye akacheka, lakini ni kweli. Martin Lindauer wa Ujerumani aliliona jambo hilo mjini München tangu mwaka 1949: nyuki wachache walikuwa wakicheza juu ya bumba, wengine weusi kwa masizi na wengine wekundu kwa vumbi la matofali, akatambua kwamba hao ni wapelelezi waliokuwa wakikagua mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka. Kila mmoja husifu kwa ngoma nyumba aliyoiona, wengine huenda kuihakikisha na kurudi wakicheza vile vile, mpaka nyumba moja hupata wachezaji wengi kuliko zote, na bumba zima huelekea huko. Nalitaja hili kwa kuwa lina faida kwetu. Mzinga mtupu uliopakwa nta kidogo ndani na kutundikwa mbali kidogo na ule wenye nyuki huingia katika mashindano hayo. Ukichelewa kugawa, huenda ukawapata wenyewe, au ukapata nyuki wa jirani yako. Kwa hiyo mzinga wa pili haukai bure hata mwezi mmoja.

Wako wazee watakaoniuliza, mbona huko Tabora watu wamefuga nyuki tangu zamani na hawatazami vyumba vya malkia wala hawagawi? Ni kweli, na wala hawakukosea. Lakini mfugaji wa Tabora hutundika mizinga ya magogo mingi msituni, makumi kwa makumi, na wengine hufikia mamia, na siku zote mingine ni mitupu. Bumba likitoka katika mzinga wake mmoja huenda likaingia katika mzinga wake mwingine maili moja mbele. Kwake kugawanyika ni kuongezeka. Dasturi hiyo ina akili yake, nayo inasimama juu ya wingi wa mizinga. Mtu wa mzinga mmoja akiifuata ameiga nusu yake tu, tena ile nusu ya kukaa bila kutazama.

Nayaacha mambo ya mzingani nirudi kwenye haki, maana najua ndipo patakapokuwa na maneno. Mwanachama mmoja alisimama mkutanoni akasema kwamba kama mizinga ni 40 na watu ni 40, kumpa mtu miwili ni kumdhulumu mwenziwe. Maneno yake yana uzito. Lakini tufikiri mwaka wa pili utakuwaje. Tukigawa mmoja mmoja, na makundi yakatoka kama nilivyoeleza, tutakuwa na watu 40 wenye masanduku na wachache wenye nyuki. Tukiwapa 20 miwili miwili, kwa sharti kwamba kila mmoja, kundi lake litakapogawika mwaka unaofuata, ampe mtu wa zamu inayofuata kundi lililo hai, basi wale 20 wa pili watapata kitu bora kuliko walichokikosa: nyuki waliokwisha kukaa, na jirani aliyekwisha kuungua vidole wa kuwafundisha. Bara wanao mpango wa namna hii kwa mifugo, wauita kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mizinga ya hao wa pili itengenezwe kwa fedha ya asali ya kwanza, na hilo liandikwe katika sharti mapema ili pasiwe na kulaumiana.

Na liko jambo linalotuhusu sisi wenye mikarafuu kuliko wafugaji wa mahali pengine popote. Karafuu huchumwa ikiwa bado haijafunguka, kwa hiyo tusijidanganye kwamba nyuki watapata asali nyingi katika mikarafuu yetu. Wao watakula minazi, na miembe, na mikoko ya ufukweni. Lakini bumba likitoka huenda likatua juu ya mkarafuu, na vuli, ambayo huleta maua, huenda ikatukuta tukiwa katikati ya uchumaji. Bumba lililo tawini kwa kawaida ni pole, maana halina nyumba wala watoto wa kulinda, walakini nani atamwambia mchumaji hivyo akiwa juu ya ngazi? Atashuka, na wenzake watashuka naye, na karafuu zitafunguka mtini. Siku mbili za namna hiyo katika shamba moja zatosha kuwafanya majirani waje kutuomba tuwaondolee nyuki wetu, nao hawatakuwa na makosa. Kwa hiyo anayeruhusu mzinga wake utoe mabumba ovyo huweka hatarini kazi ya jirani pamoja na asali yake mwenyewe.

Shauri la mzinga mmoja litapigiwa kura katika mkutano ujao wa Kamati. Nitalipeleka hili langu kwa maandishi, kwamba mizinga itolewe miwili miwili kwa zamu, na zamu ipangwe kwa kura ya karatasi mbele ya wanachama wote. Mwenye kuliunga mkono au kulipinga alete barua kwa Katibu wa tawi lake kabla ya mkutano. Waliokwisha kupata nyuki wenyewe, khasa wale ambao mabumba yao yalitoka msimu uliopita, naomba waandike walichokiona: yalitoka mwezi gani, na siku ngapi baada ya mvua.